Swali Ambalo Meleane Hakulijibu

Nyumbani kwa Hausia kila kitu kilikuwa na mahali pake. Panga lilitundikwa kwenye msumari wa kwanza, jembe kwenye msumari wa pili. Ukikosea msumari, ungejua Hausia ana sauti. Viazi vikuu vyake vilipandwa kwa kamba, mstari ulionyooka kuliko barabara ya serikali. Jirani akifunga ua wake vibaya, Hausia alipita baadaye, akaufungua na kuufunga upya, bila kuombwa na mtu.

"Mimi ndivyo nilivyo," alisema. "Anayetaka kuishi ovyo, akaishi kwake."

Mkewe, Meleane, alikuwa ameshamzoea. Mume wa kugombana naye kwa ajili ya jembe ni afadhali kuliko mume wa chupa.

Walikuwa na binti mmoja, Lesieli, wa miaka ishirini. Naye alipenda mpangilio, lakini si kwa namna ya baba yake. Tangu alipokuwa mdogo hakupenda kushikwashikwa. Hakukutazama machoni. Kanisani aliziba masikio, maana kwaya zetu huku visiwani Tonga haziimbi kwa kunong'ona. Alikula kiazi kikuu na samaki, basi. Ukimpa majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, alitapika. Ukimwambia, "Subiri dakika moja," alihesabu mpaka sitini kisha akakuuliza umekwama wapi.

Watoto wenzake walimcheka. Lakini wanawake wa kikundi cha ngatu walimgombania. Ngatu ni nguo yetu ya magome ya mti. Wanawake huyagonga magome mpaka yawe mapana, huyaunganisha kwa gundi ya muhogo, na nguo ikikamilika huwa ndefu kuliko nyumba. Ukingoni huandikwa namba za vipande, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ya namba ilikuwa ya Lesieli. Hakuwahi kukosea hata moja. Akiandika, uso wake ulilainika na aliimba kwa sauti ya chini.

Kisha bibi yake, mama yake Hausia, akafariki.

Kwetu maiti huagwa kwa busu. Lesieli alipanga mstari pamoja na wengine. Alimbusu bibi yake shavuni na kumshika mkono. Jioni akanawa mikono. Akanawa tena. Siku ya kumi baada ya mazishi alikuwa bado ananawa.

Wazee hawakushangaa sana. Zamani walioshika maiti ya mfalme hawakujilisha kwa mikono yao. Walilishwa na wengine kwa miezi, mpaka mwiko uishe. "Ni heshima kwa bibi yake," walisema. "Itapita."

Haikupita. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa mitatu. Lesieli alinawa kwa sabuni, kisha akaanza kunawa kwa jiki. Ngozi ya mikono ikapasuka na kutoa damu. Hakushika kijiko; ngatu peke yake ndiyo aliyoendelea kuigusa. Meleane ndiye aliyemlisha, mtu mzima, kama kifaranga. Lesieli aliogopa kwamba mauti ya bibi yamebaki mikononi mwake, na kwamba yatatoka hapo yamfuate baba yake. Kwa hiyo aliuliza.

"Mama, mikono yangu ina mauti?"

"Haina, mwanangu. Imetakata."

Jibu lilipaswa kusemwa mara tatu, kwa maneno hayo hayo. Meleane akikohoa katikati, walianza upya. Aliulizwa akipika. Aliulizwa akisali. Aliulizwa akiwa chooni, kupitia mlango. Kila mara alijibu, kwa sababu alimpenda mtoto wake na hakujua kitu kingine cha kufanya.

Hausia alitafuta dawa. Mganga wa majani alikuja, akamkamulia Lesieli maji ya majani puani. Hakukuwa na nafuu. Ndipo Hausia akaanza kulitazama kaburi la mama yake.

Kwetu, mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, wazee huuliza habari za makaburi. Mzizi wa mti ukitoboa mfupa wa marehemu, husemwa, anayeumwa ni yule aliye hai.

"Nitafukua," Hausia alimwambia mkewe.

"Baba Lesieli, ni mama yako huyo. Mwache apumzike."

"Hapumziki! Angekuwa anapumzika, mtoto angekuwa hivi?"

"Na mchungaji je?"

"Mchungaji amekataa kuja. Basi abaki na Biblia yake, mimi nitabaki na jembe langu."

Ijumaa kulipopambazuka alikwenda na ndugu zake wawili. Waliondoa mchanga mweupe, mawe meusi na maua ya plastiki. Walichimba taratibu, wakiomba radhi. Humo ndani jiwe la matumbawe lilimchana Hausia kidole cha mguu. Hakusimama. Karibu na bega la mama yake aliona mzizi mwembamba. Akaukata kwa kisu. Akatoka kaburini akilia kwa furaha, mwanamume yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Nyumbani walichinja nguruwe. Kwa siku tano Lesieli hakugusa jiki, na Meleane aliulizwa swali mara chache tu. Siku ya sita Lesieli alikaa akimwangalia baba yake.

"Baba alishika mifupa," alisema. "Alishika kwa ajili yangu. Sasa mauti yako kwake, na mimi ndiye niliyeyaleta."

Tangu siku hiyo hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Katika kikundi cha ngatu kulikuwa na mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Vaimoana. Watu walimwita Vai. Siku za kazi alikuwa nesi wa wodi ya magonjwa ya akili mjini. Jumamosi alikaa na wenzake kwenye ubao wa ngatu, gundi mpaka kwenye viwiko, akimtania kila mtu.

Jumamosi moja alimgeukia Meleane.

"Dada, tangu tukae hapa binti yako amekuuliza mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Mara kumi na nne. Nawe umejibu zote. Hilo jibu unaliuza kwa jumla au rejareja?"

Wanawake wakacheka. Meleane hakucheka. Machozi yalimdondoka, akayafuta haraka yasiharibu rangi ya ngatu. Vai akaacha utani pale pale.

"Nisamehe, dada. Niambie. Ukimjibu, anatulia kwa muda gani?"

"Zamani nusu siku. Sasa hivi hata chai haipoi kabla hajarudi."

"Unaona? Kila unapomjibu, ugonjwa unaamini kwamba hatari ipo kweli. Kila siku unauongezea kuni."

"Mimi?" Meleane aliweka chini brashi. "Mimi ninayemlisha? Mimi ninayemfunga vidonda?"

"Wewe. Kwa upendo. Sijaona mama anayefanya hivyo kwa ubaya."

Maneno hayo yalimchoma Meleane. Alitaka kukasirika, lakini hakuwa na nguvu za kukasirika. Alimwomba Vai aje nyumbani.

Hausia alimpokea Vai kwa heshima, ila alipandisha mabega.

"Mwanangu si kichaa," alisema kabla hajaulizwa.

"Nani aliyesema kichaa? Mimi nimekuja kuuliza tu. Meleane, ukimzuia Lesieli kuandika namba za ngatu, anakuwaje?"

"Ananuna. Anakuwa amekosa raha yake."

"Na ukimzuia kunawa?"

"Anatetemeka. Utadhani nyumba inaungua."

"Akimaliza namba?"

"Anatabasamu."

"Akimaliza kunawa?"

Meleane alifikiri. "Hamalizi," alisema.

Vai aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi namba ni Lesieli mwenyewe. Alizaliwa hivyo, na masikio yake, na chakula chake. Daktari atamwangalia, lakini nadhani ana usonji. Ubongo wake umeumbwa kwa namna yake. Hauhitaji kutibiwa ili uwe wa mtu mwingine. Mwacheni na namba zake. Kunawa ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa wa wasiwasi. Fikra ya kutisha inamjia mtu bila kuitwa. Analazimika kufanya jambo ili itulie. Inatulia kidogo, inarudi, anafanya tena. Ugonjwa huo una tiba."

"Amechukua damu yangu," alisema Hausia. "Hata mimi napanga vitu. Au na mimi ni mgonjwa?"

"Majembe yako yanakutia hofu?"

"Hofu ya nini? Yako sawasawa. Ninyi ndio mko ovyo."

"Basi hiyo ni hulka yako. Haikuumi wewe, inawauma majirani."

"Baba hufungua nyua za watu," alisema Lesieli kutoka dirishani. "Mwaka huu, tisa."

Meleane alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. Hausia alitazama chini.

"Lakini msidhani kutenganisha usonji na wasiwasi ni rahisi," Vai aliendelea. "Vinachanganyikana. Vinaweza kukaa vyote ndani ya mtu mmoja, na kwa nje vikafanana. Leo nimemwona Lesieli akibandika ukingo ule ule mara sita. Ilikuwa raha au hofu? Lesieli, niambie."

"Mara mbili za kwanza raha," alisema Lesieli. "Nne hofu."

"Mmesikia? Mimi nesi wa miaka ishirini nilikuwa nakodoa macho tu. Anayejua ni yeye. Muulizeni kabla ya kumsemea."

"Mzizi niliuona kwa macho yangu," Hausia alisema ghafla.

"Ardhi yote ya Tonga ina mizizi, Hausia. Chimba popote."

Hausia aliinuka akatoka. Vai aliona anachechemea.

"Mguu una nini?"

"Jiwe. Si kitu."

Wiki iliyofuata Meleane alimpeleka Lesieli hospitalini. Daktari alimsikiliza kwa siku tatu tofauti. Alisema kama Vai alivyokisia: usonji tangu kuzaliwa, na ugonjwa wa wasiwasi juu yake. Alimpa vidonge na kuwaonya kwamba havifanyi kazi upesi, huchukua wiki nyingi. Pamoja na vidonge kulikuwa na mazoezi. Lesieli angegusa kitu anachokiogopa, kisha asinawe. Angekaa na hofu mpaka ishuke yenyewe.

"Hofu ni wimbi," Vai alimweleza. "Linapanda, kisha linashuka."

"Wimbi la urefu gani?" aliuliza Lesieli.

Vai aligundua kosa lake. Aliacha mifano. Akamwandikia kila kitu kwenye karatasi, hatua kwa hatua, na kumwambia aipe hofu namba, kuanzia sifuri hadi kumi, pamoja na saa. Lesieli aliielewa karatasi hiyo vizuri.

Meleane naye alipewa kazi yake. Walikubaliana wote watatu, na Lesieli mwenyewe akasema ndiyo. Swali likija, Meleane asijibu. Aseme hivi tu: "Hilo ni swali la ugonjwa. Nakupenda. Sitalijibu."

Siku ya kwanza Lesieli alilia tangu asubuhi mpaka mchana. Meleane aliingia jikoni akajifunika uso kwa kanga yake ya kupikia. Wakwe zake walimwita mama wa jiwe. Hata kanisani hawakukaa naye benchi moja. Lakini wiki zilivyopita, maswali themanini kwa siku yakawa hamsini, kisha thelathini. Lesieli alishika kitasa cha mlango. Mwezi wa pili alishika kijiko, akala samaki wake mwenyewe, huku jasho likimtoka.

Kisha Jumanne moja Hausia alianguka shambani.

Walimbeba mpaka nyumbani, anachemka homa. Meleane alipomvua kiatu, harufu ilijaa chumbani. Kile kidonda cha matumbawe alichokipata kaburini hakikupona. Kwa miezi mitatu alikuwa amekifunga kwa kitambaa na kukificha, kwa sababu mtu wa mistari iliyonyooka hapendi kuonekana ameoza. Hospitalini walimpima, wakakuta kisukari ambacho hakuna aliyekijua. Daktari aliwaita Meleane na Lesieli, akawaeleza mara moja, kwa maneno ya wazi: sukari, kidonda kilichofichwa, kuchelewa. Watakata vidole vitatu.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri. Lesieli aligeuka.

"Mama, ni mikono yangu?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Meleane. Si wewe, ni sukari. Lilikuwa fupi, na lilikuwa la kweli. Mtoto alikuwa mweupe midomoni kwa woga. Ni mama gani angemnyima mtoto wake jibu kama hilo? Lakini Meleane alilijua swali hilo kuliko alivyokijua kiganja chake. Akilijibu leo, kesho litarudi na wenzake kumi.

"Umemsikia daktari," alisema. "Hilo ni swali la ugonjwa. Nakupenda. Sitalijibu."

"Mara moja tu! Leo tu! Baba anakatwa!"

"Najua, mwanangu."

"Wewe si mama! Mama hujibu!"

Watu waliokuwa ukumbini waligeuka kutazama. Lesieli alianza kujipiga kichwa ukutani. Meleane aliweka mkono wake kati ya kichwa na ukuta, akauacha hapo, ukapigwa. Bomba la maji lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Wote wawili walilitazama.

Lesieli alitoa karatasi yake. Akaandika: saa nne na dakika kumi, kumi. Hakwenda bombani. Aliandika tena: saa tano kasoro robo, kumi. Saa tano na dakika ishirini, nane. Saa sita, tano. Hakuwa na furaha, wala Meleane hakuwa nayo. Kitanda cha Hausia kilipotolewa kwenye chumba cha upasuaji, Lesieli aliandika nne, akakunja karatasi.

Hausia alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Kidonda chake kilitakiwa kusafishwa na kufungwa kila siku. Macho ya Meleane hayakuwa mazuri tena kwa kazi za karibu. Vai alimtazama Lesieli, akamwandikia karatasi nyingine.

"Hapa lazima unawe," alisema. "Sekunde thelathini, mara moja. Hiyo ni ya kidonda. Ya pili ni ya ugonjwa."

Asubuhi ya kwanza Lesieli alinawa mara moja. Alifunga bomba. Alisimama mbele yake muda mrefu sana, mikono ikining'inia, kisha akaja akapiga magoti mbele ya mguu wa baba yake. Aliifungua bandeji. Alisafisha kama ilivyoandikwa, hatua ya tatu, hatua ya nne, bila kuruka. Mikono haikukosea. Hausia alikuwa amekaza taya.

"Umeipinda bandeji," alisema mwishoni. "Upande huu haujanyooka."

"Kwenye karatasi hakuna neno la kunyooka," alijibu Lesieli.

Hausia alinyoosha mkono kuirekebisha, kisha akaurudisha. Meleane hakuwahi kumwona akiacha kitu kilichopinda. Lesieli alipoondoka na beseni, Hausia alibaki akiutazama mguu.

"Meleane."

"Bee."

"Nilitaka chanzo kiwe mzizi."

"Najua."

"Mzizi unaukata siku moja, yanakwisha. Hili la kwenu ni la kila siku." "Nilimsumbua mama yangu bure."

Meleane hakusema kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alikaa karibu naye, akamshika mkono. Nje, Lesieli alikuwa akimwaga maji machafu, na bomba halikufunguliwa tena.

Hausia hatalima tena kwa miguu miwili iliyo kamili. Lesieli bado anakunywa vidonge, bado anakwenda kwa daktari, na kuna siku anarudi nyuma. Kwaya bado inamuumiza masikio, hivyo siku hizi hukaa nje ya kanisa, karibu na mlango, na hakuna anayemgombeza. Anajilisha mwenyewe. Anaufunga mguu wa baba yake kila asubuhi.

Jana aliuliza lile swali mara mbili kutwa nzima. Meleane hakulijibu hata mara moja, na mara zote mbili ilimuuma.